Viazi vikubwa au viazi vinavyolingana: pima mwenyewe kabla ya kubadili mbegu

Ukitaka kujua ni kiazi kitamu cha ukubwa gani kinachotakiwa Mwanza, usimuulize mkulima. Kaa karibu na mama anayepanga mafungu sokoni asubuhi. Akishamwaga gunia, anavuta kwanza vile vinavyojaa kiganja, anaweka vinne chini na kimoja juu, fungu limekamilika. Vile vyembamba kama kidole anavisukuma pembeni, vitakuwa nyongeza ya mteja anayelalamika. Na yale madude makubwa kama mguu wa mtoto, ambayo sisi shambani tunapiga nayo picha, anayageuza mkononi mara mbili kisha anayaficha nyuma ya kiti chake. Niliwahi kumpelekea mmoja gunia la mbegu niliyokuwa nikiisifia kijiji kizima. Akachomoa dude moja, akaniuliza: "Sasa ngosha, hili atalichemsha nani? Nje litakuwa uji, ndani bichi."

Tangu siku hiyo sijawahi kuisifia mbegu kwa kiazi chake kikubwa kuliko vyote. Kiazi kikubwa kimoja hakisemi kitu. Kinachosema ni shina zima: limetoa viazi vingapi, na vinalingana au kimoja kimekula haki ya wenzake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejiuliza kila msimu, "Viazi vyangu vidogo, nibadilishe mbegu?" Nimeuandika kwa matuta yetu ya huku Misungwi, lakini atakayeutumia Magu, Sengerema au Ukerewe hatapotea. Utahitaji kipande kisichofika mita za mraba 70, mizani ndogo ya jikoni, daftari, kamba, na uvumilivu wa msimu mmoja. Mizani ya mwaloni ya kupimia sato haitakufaa, kiazi cha gramu 40 haikioni kabisa.

Ukubwa unatoka wapi

Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa. Kiazi mviringo ni shina la chini ya ardhi, na ndiyo maana unaweza kukipandishia udongo kikaongeza viazi juu ya vingine. Kiazi kitamu hakiendi hivyo. Rando, yaani kile kipande cha shina tunachopanda, likishafukiwa, mizizi hutoka kwenye vifundo vyake. Katika mwezi wa kwanza hadi wa pili mmea unaamua ni mizizi ipi itageuka ghala la chakula na ipi itabaki kamba. Baada ya hapo idadi haiongezeki sana, kazi inayobaki ni kujaza.

Hili lishike, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kusoma daftari mwishoni. Idadi ya viazi huamuliwa mapema, unene wake huamuliwa baadaye. Mwenye viazi viwili tu kwa shina, hata vikiwa vinene, atafute kosa kwenye upandaji. Mwenye viazi saba vyembamba kama penseli atafute kosa kwenye miezi iliyofuata: maji, kivuli, magonjwa, au amevuna mapema mno.

Aina nazo zina tabia zake. Kuna inayotoa viazi viwili vitatu vinene karibu na shingo ya shina, kuna inayotoa vitano sita vya wastani vilivyotawanyika kwenye tuta, kuna ya viazi virefu vinavyokatika ukivuta, na kuna ya mviringo inayopasua tuta. Tabia hizo zimo ndani ya mmea, na kwa kuwa tunapanda marando na si mbegu za maua, zinahama na rando bila kubadilika. Ukipanda mbegu iliyotoka kwenye ua la kiazi, kila mche utakuwa na sura yake. Kiazi kitamu kina kromosomu 90 katika seti sita, na kila mara wazazi wawili wakikutana karata huchanganywa upya. Watafiti hutumia njia hiyo kupata aina mpya. Kabode, kiazi lishe tunachokiona sana siku hizi, kilitoka Uganda kwa jina la NASPOT 10 O, na mtafiti wake Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya mazao yaliyoongezwa virutubisho.

Rando, kwa hiyo, ni nakala. Mashina mawili ya aina moja yakisimama jirani, moja likatoa viazi sita vinavyolingana na lingine likatoa kamba tupu, usiilaumu aina. Kuna jambo lingine hapo, na kazi ya jaribio ni kulitenganisha jambo hilo na tabia ya aina.

Hatua ya 1: Chagua aina nne, si kumi

Ya kwanza lazima iwe ile unayolima sasa, kwa sababu bila hiyo huna cha kulinganisha. Nyingine tatu chagua kwa matumizi. Huku kwetu mtu anaweza kuweka Polista, ambayo wengi hawataki kuiacha kwa sababu ya ladha, pamoja na Simama, kisha viazi lishe viwili, tuseme Kabode na Ejumula. Ejumula ina rangi nzuri ya chungwa lakini inashikwa na virusi upesi. Iweke kwenye jaribio kama unataka kujua hali ya virusi kijijini kwako, itakuambia mapema kuliko wenzake.

Tatizo ni majina. Rando moja lina majina matatu katika vijiji vitatu, na jina moja linabeba marando matatu tofauti. Usiandike jina peke yake kwenye daftari. Andika alama: jani lina ncha ngapi, kikonyo kina rangi gani, majani machanga ya nchani ni ya kijani au ya zambarau, ngozi ya kiazi ni nyekundu au nyeupe, ndani kuna rangi gani. Chora jani moja la kila aina, hata kama huna mkono wa kuchora. Mimi hulilaza jani kwenye ukurasa na kulizungushia kalamu.

Kwa marando ya uhakika, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Ukiriguru, kiko humu humu Misungwi, na wazalishaji wa marando wa vijijini wanajulikana kwa mabwana shamba wa kata.

Hatua ya 2: Marando yanayolingana afya

Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika kabla hata ya jembe kugusa udongo. Mkulima anachukua marando ya aina mpya kutoka kitalu kilichomwagiliwa, mabichi na manene, halafu ya aina yake ya zamani anayakata kwenye shamba lililochoka lililobaki tangu mwaka juzi. Aina mpya inashinda. Kwa kweli kilichoshinda ni kitalu.

Ugonjwa wa virusi unaotusumbua zaidi Kanda ya Ziwa huletwa na virusi viwili vinapokutana ndani ya mmea mmoja. Kimoja husambazwa na vidukari, kingine na inzi weupe. Kila kimoja peke yake unaweza usikione. Vikikutana, mmea unadumaa, majani yanakuwa membamba, yanajikunja na kupauka, na chini hupati kitu. Mavuno yanaweza kushuka zaidi ya nusu. Na kwa kuwa rando ni nakala, ugonjwa nao unahama nalo, msimu baada ya msimu. Watu husema mbegu imezeeka. Mbegu haizeeki, inajaza virusi.

Kama muda unaruhusu, panda aina zote nne kwenye kitalu kimoja miezi miwili au mitatu kabla, ng'oa kila mche wenye dalili, kisha kata marando yote siku moja. Chukua ncha, sentimeta 30 hivi, kwenye mmea usiozidi miezi mitatu. Vipande vya katikati ya rando vinaota, ila ncha huanza kwa nguvu zaidi na hubeba fukusi, wale wadudu wanaotoboa viazi, wachache kuliko sehemu ya karibu na shina. Kwa kila aina kata 50. Utapanda 42, nane zilizobaki ni za kuziba mapengo. Yaweke kivulini siku moja, yamefunikwa majani mabichi, na kila fungu lifungwe kwa kitambaa cha rangi yake.

Kitalu kikiwa karibu na ziwa, kumbuka sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Maji chota, kitalu kiweke juu.

Hatua ya 3: Matuta, na kura

Niungame kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipanda mbegu mpya kwenye matuta ya chini, jirani na lilipokuwa zizi la zamani, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Mbegu ya zamani ilikuwa juu, kwenye luseni ya kichanga karibu na mawe. Bila shaka mpya ilizaa mara mbili. Nikagawa marando kwa majirani wanne kwa mbwembwe. Msimu uliofuata nilisalimiwa kwa ufupi sana.

Udongo wetu hubadilika ndani ya hatua chache. Juu ya mlima una luseni, nyepesi, rahisi kuvuna, lakini haishiki maji. Ukishuka unakutana na itogolo, yenye tabaka gumu chini ambapo kiazi hujikunja au hubaki kifupi. Chini kabisa ni mbuga nyeusi, ambayo ikikauka inapasuka na kuwakaribisha fukusi. Aina ile ile ukiiweka sehemu hizo tatu itakupa viazi vya sura tatu. Hivyo kila aina lazima ionje kila sehemu.

Lima matuta 12 ya kupima na mawili ya ulinzi, moja juu kabisa na moja chini kabisa, yote yakikingama mteremko. Nafasi kati ya tuta na tuta iwe mita 1, urefu wa tuta mita 4.2, kimo sentimeta 40 hivi. Matuta manne ya juu ni kundi la kwanza, manne ya kati la pili, manne ya chini la tatu. Ndani ya kila kundi aina zote nne zinapata tuta moja moja. Nani akae tuta gani? Andika majina kwenye vikaratasi vinne, vikunje, mtoto avute. Rudia kura kwa kila kundi. Usipange kwa macho, kwa sababu jicho lako tayari lina mbegu linayoipenda na litaipa tuta zuri bila wewe kujua.

Samadi, kama unaweka, ipime kwa ndoo, sawa kwa matuta yote, na iwe imeoza vizuri. Samadi nyingi mbichi inatoa majani ya kupendeza na viazi vya aibu. Majivu yanasaidia kuliko watu wanavyofikiri, kwani yana potasiamu, na kiazi kinaihitaji kunenepa.

Hatua ya 4: Kupanda

Panda wakati mvua zimeshakolea na tuta limelowa hadi ndani. Mashina 14 kwa tuta, sentimeta 30 kati ya shina na shina, la kwanza na la mwisho yakiwa sentimeta 15 kutoka mwisho wa tuta. Tumia kamba yenye mafundo, usikadirie kwa hatua. Nafasi ndiyo inayodanganya watu zaidi katika suala la ukubwa: shina lenye jirani mbali hunenepesha viazi, na tuta lenye mapengo matatu litaonekana lina aina ya viazi vikubwa.

Fukia thuluthi mbili za rando. Hakikisha vifundo vitatu au vinne viko chini ya udongo, kwa sababu huko ndiko viazi vinakotoka. Rando likisimamishwa wima, viazi kwa kawaida husongamana sehemu moja na vichache hunenepa sana. Likilazwa au kuinamishwa, vifundo vinatawanyika ndani ya tuta na viazi hupata nafasi ya kulingana. Chagua namna moja, mimi nalaza, na uifuate kwa matuta yote. Wakipanda watu wawili, kila mmoja amalize kundi zima, ili mkono wake uguse aina zote nne.

Baada ya siku kumi ziba mapengo kwa zile nane za akiba. Andika ni mashina yapi yalizibwa.

Hatua ya 5: Kutunza, na kuilinda familia isichokonoe

Palizi mbili zinatosha, ya kwanza kabla ya wiki ya nne. Wiki ya tano au ya sita pandisha udongo kwenye tuta, na rudia kila ukiona ufa. Fukusi hana uwezo wa kuchimba ardhi ngumu, anapita kwenye nyufa. Aina zenye viazi vifupi vinene vinavyokaa juu hupasua tuta zenyewe, na kwa hiyo ndizo zinazoliwa zaidi. Hilo nalo liandike, ni sehemu ya gharama ya ukubwa.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya nyumbani. Kwetu viazi huvunwa kidogo kidogo: ukiona ufa unaingiza kijiti, unatoa kimoja kilichokomaa, unafukia, shina linaendelea. Ni desturi nzuri yenye akili, na inaua jaribio. Kila kinachochokonolewa ni kile kikubwa. Majani pia: matembele ya mboga yachumwe kwenye matuta mengine, kwa sababu shina linalonyonyolewa majani halina cha kujazia viazi. Mimi nimefunga kitambaa chekundu kwenye miti ya pembeni, na bado msimu mmoja shangazi alinikaribisha chai na kiazi kitamu sana ambacho sikuuliza kimetoka wapi.

Hatua ya 6: Kuvuna siku moja

Aina za mapema huwa tayari kwa miezi mitatu na nusu hadi minne, za kuchelewa hutaka mitano au zaidi. Ukivuna zote kwa miezi minne, ya kuchelewa itaonekana ina viazi vidogo wakati bado ilikuwa inajaza. Ukingoja miezi sita, ya mapema itakuwa na madude yaliyotobolewa na fukusi. Hakuna siku ya haki kwa wote. Ninavyofanya ni kuchagua siku ambayo mimi mwenyewe ningelazimika kuvuna, kwa ajili ya ada ya shule au kwa sababu ardhi inakauka, na hiyo ndiyo siku ya mtihani. Mbegu isiyowahi siku yangu si mbegu yangu.

Kwenye kila tuta acha mashina mawili kila mwisho. Yale ya pembeni hupata mwanga na nafasi zaidi, hayawakilishi wenzao. Yanabaki kumi ya katikati. Kata majani kwanza, kisha fukua shina moja moja kwa mkono na kijiti, jembe litumike kulegeza pembeni tu. Viazi vya shina moja viwekwe pamoja juu ya tuta, palepale vilipotoka. Usivichanganye kwenye beseni. Ukishavichanganya umepoteza nusu ya habari.

Hatua ya 7: Panga mstari

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Chukua shina la kwanza, futa udongo kwa kiganja bila kuosha, na vipange viazi vyake chini kutoka kidogo hadi kikubwa. Kila chenye unene unaozidi kidole gumba kinahesabiwa, vyembamba zaidi ya hapo ni mizizi, viache. Pima kimoja kimoja, andika gramu.

Tuseme shina la aina ya kwanza limetoa viazi vitano: gramu 25, 30, 45, 90 na 450. Shina la aina ya pili nalo vitano: 95, 120, 130, 140 na 155. Jumlisha. Yote mawili yana gramu 640. Gawanya kwa tano, wastani ni ule ule, gramu 128. Mwenye kuangalia jumla na wastani ataandika kwamba aina hizi hazina tofauti.

Sasa kitazame kiazi cha katikati ya mstari. Kwa aina ya kwanza ni gramu 45, mtu hawezi kukiuza. Kwa aina ya pili ni gramu 130. Hesabu vilivyofika gramu 100, kipimo ambacho watafiti wengi hukitumia kutenga kiazi cha soko na cha mifugo: aina ya kwanza ina kimoja tu, na hicho ni dude, ya pili ina vinne, vyenye gramu 545 kati ya 640. Na hicho cha tano kimekosa gramu 5.

Basi kwa kila tuta andika mambo manne: idadi ya viazi kwa shina, uzito wa jumla, uzito wa kiazi cha katikati, na uzito wa vile vilivyofika gramu 100 kwenda juu. Mimi naongeza safu ya tano ya madude yaliyozidi gramu 400, kwa sababu ya yule mama wa sokoni. Mashina 120 ni kazi ya watu wawili kutwa nzima, mmoja apime na mwingine aandike. Anayeandika asiwe anajua ni aina gani; mpe namba ya tuta tu.

Hatua ya 8: Kusoma daftari

Anza na swali moja: tofauti ya ukubwa iko ndani ya shina, au kati ya shina na shina?

Kama karibu kila shina la aina fulani lina kiazi kimoja kikubwa na vitoto vingi, hiyo ni tabia ya aina, au ya namna ulivyopanda ikiwa aina zote nne zimefanya hivyo. Kama kila shina lina viazi vinavyolingana, lakini shina hili vina gramu 200 na lile vina gramu 50, aina haina kosa. Rudi kwenye daftari uone: lile la gramu 50 lilizibwa baadaye? Lilikuwa na majani yaliyojikunja? Au lile la gramu 200 jirani yake alikufa? Kwa uzoefu wangu virusi ndivyo hujificha hapa. Tuta linaonekana la kijani ukiwa njiani, lakini mashina matatu kati ya kumi hayana kitu chini, na wastani wa tuta zima unashuka.

Halafu linganisha makundi matatu. Aina iliyoongoza juu, katikati na chini, iamini. Iliyoongoza kundi moja na kushindwa mawili, usiiamini hata kama jumla yake ni kubwa, imebebwa na tuta moja zuri. Na iliyofanya vizuri kwenye mbuga tu, basi ni ya mbuga. Mwenye luseni aiache.

Ukiona idadi ni ndogo kwa aina zote, vifundo vilivyofukiwa ni vichache au ukame uliwapiga wiki za mwanzo. Idadi ikiwa nzuri na unene mdogo kwa aina zote, ulivuna mapema, ulibananisha, au mvua ilikatika. Majani mengi hadi magotini na viazi vya penseli, punguza samadi.

Kisha chemsha. Usiruke hili. Chukua viazi vya gramu 150 hivi kutoka kila aina, viweke sufuria moja, ita watu watatu wasiojua aina. Viazi lishe vingi vina maji zaidi, wengi wetu tumezoea kiazi kikavu chenye unga kinachotaka chai pembeni, na aina inayoshinda kwenye mizani mara nyingi inashinda kwa maji. Mtu wa gunia atailipa, mtu wa michembe, vipande vya viazi vibichi vinavyoanikwa, hatailipa, kwa kuwa jua litayaondoa yale maji yote.

Matumizi ndiyo yanayoamua ukubwa unaoutaka. Kwa mafungu na kwa kifungua kinywa, gramu 120 hadi 300, vinavyolingana, viive pamoja. Kwa michembe, madude ni ruksa: kiazi kikubwa unamenya mara moja unakata vipande vingi, wakati vidogo vinakumalizia siku kwa maganda. Kwa matobolwa, vinavyochemshwa kwanza kisha kukatwa na kuanikwa, rudi kwenye ukubwa wa kati. Anayeuza kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, yeye anapoteza kwa ukubwa wowote, na gunia lile haliruhusiwi na sheria ya vipimo.

Vile vidogo usivitupe

Umeshachagua aina. Kiangazi kinakuja, marando yatakauka, na mwaka ujao utaanza kuhangaika upya. Hapa vitoto vya gramu 50 vinapata kazi. Kiazi kidogo kutoka shina zuri kina tabia zile zile za kaka yake mkubwa, ni nakala moja. La muhimu ni shina kilikotoka, si uzito wake. Chagua vidogo kutoka mashina yaliyozaa vizuri yasiyo na dalili za ugonjwa, na usichukue hata kimoja kwenye shina ambalo vyote ni vidogo, huko kuna uwezekano umebeba virusi.

Vikague kimoja kimoja, chenye tundu au jeraha ondoa. Tandika gazeti ndani ya beseni, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, mchanga tena, tabaka lingine, mchanga juu. Beseni likae ndani ya nyumba penye ubaridi, mbali na kuku na watoto. Kila mwezi fukua uangalie, kilichooza au chenye fukusi kitoke. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua za vuli, yaani mwezi wa nane kwetu, uvipande kwenye bustani ndogo yenye uzio, nusu mita kati ya kimoja na kingine, umwagilie kila baada ya siku tatu nne. Kiazi kimoja kinachotunzwa hivyo kinaweza kukupa marando 40 hivi. Yakate yakiwa na sentimeta 30, ncha kwanza, na vitambaa vya rangi vile vile vya mwaka jana.